Nani Atasoma Kipimamvua Saa Tatu?

Anayeshuka kwa matatu kutoka Kianjokoma, penye mashamba ya majani chai chini ya msitu wa Mlima Kenya, hadi Kiritiri huko Mbeere, hasafiri zaidi ya kilomita sitini hivi. Kwa hesabu ya mvua, hata hivyo, anakuwa amevuka nchi kadhaa. Kule juu, mwaka wa kawaida huleta zaidi ya milimita 1,500. Embu mjini, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mahindi na kahawa kwa kawaida hupata maji ya kutosha. Kisha ardhi inateremka, migomba inakwisha, migunga inaanza, na mtu akifika kwenye nyanda za Mbeere, mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 800. Tena haiji kwa utaratibu. Siku tatu za mafuriko zinaweza kufuatwa na majuma matatu ya jua kali, na ndengu zilizokwisha kuota zikanyaukia shambani.

Meru nako mambo ni hayo hayo, pengine makali zaidi. Upepo wenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, ukapanda miteremko ya mashariki ya mlima na ya vilima vya Nyambene, ukapoa na kumwaga maji. Ndiyo maana Nkubu na Maua ni kijani kibichi. Timau iko upande wa pili wa mlima na hupata mabaki, na kuna usiku umande unaganda na kuunguza majani ya viazi. Ukishuka kutoka Maua kuelekea mbuga ya wanyama ya Meru, au kutoka Meru mjini kuelekea Isiolo, hali ya nchi hubadilika kabla hujamaliza kusikiliza taarifa ya habari redioni.

Katika eneo la namna hii, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ina vituo vikuu viwili vinavyojulikana kimataifa kwa namba zao: kimoja Embu, kingine Meru. Kimoja kiko mita 1,490 hivi, kingine mita 1,550 hivi, na kati yake ni mwendo wa zaidi ya kilomita mia moja kwa barabara. Ni vituo vizuri, vyenye wataalamu na rekodi za miongo mingi. Lakini vyote viwili viko mjini, na vyote viwili viko kwenye ukanda wa kati, ule ambao mkulima wake ana hofu ndogo kuliko wenzake wa juu na wa chini. Hapo ndipo swali la kuweka vituo vijijini linapoanzia. Vyombo vipo, ila vimesimama mahali ambapo wasiwasi ni mdogo.

Viwango vya dunia havisaidii sana kuliona hilo. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilipitisha mtandao wa msingi wa vituo ambao kila nchi inatakiwa kuwa nao, na umbali uliokubaliwa kati ya kituo na kituo cha ardhini ni kilomita 200. Kwa kompyuta zinazokokotoa hali ya hewa ya dunia nzima, umbali huo unatosha. Kwa mizani hiyo, kituo kimoja cha Nairobi kingeweza kuhesabiwa kwamba kinamsemea pia mkulima wa Ishiara, huko Mbeere. Hakuna mkulima wa Ishiara atakayekubali, na ana haki.

Wapo wanaosema setilaiti zimemaliza tatizo. Kweli zimesaidia mno. Data za CHIRPS, zinazotayarishwa na Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara, zinaonyesha makadirio ya mvua tangu 1981 kwa vipande vya kilomita tano hivi, na mamlaka nyingi za Afrika huzitegemea. Ila setilaiti haioni tone likidondoka. Hutazama ubaridi wa kilele cha wingu na kukisia: wingu refu lenye kilele baridi, basi mvua kubwa. Kwenye miteremko ya mlima mvua nyingi hutoka kwenye mawingu mafupi, ya chini, yenye vilele visivyo baridi kiasi hicho, na makadirio yanaweza kuanguka chini ya ukweli. Tena CHIRPS yenyewe husahihishwa kwa vipimo vya ardhini. Pasipo na kipimamvua, setilaiti haina wa kumsahihisha.

Na vipimamvua vimepungua. Kizazi cha wazazi wa wakulima wa leo kilikuwa navyo vingi zaidi. Huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilianza chini ya Waingereza mwaka 1929. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 kila nchi ikabaki na idara yake, na ya Kenya makao yake ni Dagoretti Corner, Nairobi. Katika miongo hiyo kipimamvua kilikuwa kitu cha kawaida kwenye misheni, shule, hospitali, kambi za misitu, mashamba ya walowezi na ofisi za wilaya. Msomaji alikuwa karani, padri, mwalimu au mlinzi wa msitu. Aliandika namba kila siku kwenye kadi, na mwezi ukiisha kadi ikatumwa kwa posta. Hakulipwa. Mwalimu akihamishwa, au misheni ikibadilisha msimamizi, kadi zilikoma, na mtandao ukaanza kumong'onyoka hivyo, kadi moja baada ya nyingine.

Thamani ya kadi hizo bado inaonekana. Wajerumani wawili, Ralph Jaetzold na Helmut Schmidt, walipotoa mwongozo wa kilimo wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliigawa nchi katika kanda za kilimo: ukanda wa chai, wa kahawa, wa alizeti, wa pamba, wa mtama, wa ufugaji. Mipaka ile waliichora kwa kutegemea miaka mingi ya namba za vipimamvua. Toleo la mashariki ya nchi lilifanyiwa marekebisho na kuchapishwa upya 2006, na afisa wa ugani akimwambia mkulima wa Siakago leo apande mtama kuliko mahindi, ushauri huo una asili yake kwenye kadi za wasomaji wasiolipwa. Ni deni kubwa ambalo halijawahi kulipwa, wala hata kutajwa vya kutosha.

Chombo chenyewe hakina makuu. Kile kilichotumika Kenya tangu ukoloni ni mtungi wa shaba wenye mdomo wa inchi tano, na ndani yake faneli na chupa. Maji ya saa ishirini na nne hupimwa saa tatu asubuhi kwa gilasi yenye alama. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba, na kwa hiyo mvua ya milimita 25 ni takriban lita 100,000 kwa ekari. Mkulima akiipata namba hiyo anajua jambo ambalo kutazama matope hakuwezi kumwambia. Kazi ngumu iko kwenye kuchagua mahali. Mtungi ukiwekwa karibu na mgrevilea au ukuta wa darasa, upepo na kivuli cha mti vinaiba mvua. Kanuni inataka kizuizi chochote kiwe mbali angalau mara mbili ya urefu wake, na mara nne ni bora. Kipimajoto hukaa kwenye kisanduku cheupe chenye matundu, kati ya mita moja na robo na mita mbili kutoka chini, juu ya nyasi, si juu ya saruji. Kipimaupepo hutaka nguzo ya mita kumi. Kwenye mteremko wa Imenti, ambako kila shamba ni la mtu na kila mpaka una miti, kupata kiwanja wazi cha namna hiyo ni mazungumzo marefu na wenye ardhi, na mara nyingi jibu huwa ni uwanja wa shule.

Kituo kilicho mbali kuliko vyote katika eneo hili hakiko nyikani kabisa. Kiko juu, upande wa kaskazini-magharibi wa Mlima Kenya, kwenye njia ya Sirimon, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari. Kilifunguliwa 1999 kama sehemu ya mpango wa dunia wa kufuatilia angahewa, kimoja kati ya vituo sita vilivyojengwa kwa msaada wa kimataifa. Ndugu zake wako Algeria, China, Indonesia, Brazili na Argentina. Kinasimamiwa na Idara ya Kenya, na wataalamu wa Uswisi wamesaidia kwa mafunzo na ukaguzi wa mitambo. Kuanzia 2002 kilipima hewa ya ozoni na kaboni monoksidi, na jambo zuri lilijitokeza. Mchana jua linapoipasha miteremko, upepo hupanda na kuleta hewa ya mashamba na moshi wa bondeni. Usiku upepo hugeuka na kushuka, na kituo hupata hewa safi ya tabaka la juu iliyosafiri masafa marefu. Chombo kile kile, mahali pale pale, mchana kinaeleza habari za Meru na usiku kinaeleza habari za bahari na mabara.

Lakini rekodi ya kituo hicho ina mapengo makubwa, na sababu kuu inajulikana: umeme. Mitambo ya hali ya juu ilinunuliwa, watu walifundishwa, makala za kisayansi zikaandikwa, kisha umeme ukikatika kipimo kinanyamaza, na kupandisha fundi na vipuri hadi mita 3,678 si kazi ya asubuhi moja. Kila mpango wa kuweka kituo kijijini Tharaka, Igembe au Mbeere ungeanza vizuri kwa kuusoma mkasa huu. Kama kituo chenye majina ya kimataifa nyuma yake kinaweza kukwama kwa ajili ya waya wa umeme, kituo cha wadi kitakwama kwa kitu kidogo zaidi.

Na vitu vidogo ni vingi. Kituo cha kujiendesha hupima kila baada ya dakika chache, huhifadhi namba kwenye kinasa data na kuzituma kwa mtandao wa simu, kikipata nguvu kutoka paneli ya sola na betri. Paneli na betri ni vitu ambavyo kila nyumba isiyo na stima inavihitaji, na wezi wanalijua hilo. Nyigu hujenga ndani ya faneli. Siafu huingia kwenye kisanduku cha nyaya. Ndege hutua juu ya kipimamvua na kuziba tundu, na kwa miezi mitatu kituo kinaripoti ukame ilhali shamba la jirani limefurika. Bando la laini ya simu huisha na hakuna aliyepewa kazi ya kuliongeza. Ubovu wa aina ya mwisho ndio unaouma zaidi, kwa kuwa gharama yake ni ndogo kuliko nauli ya fundi kutoka Nairobi.

Wahandisi wamejaribu kuyajibu matatizo haya kwenye chombo chenyewe. Shirika la TAHMO, lililoanzishwa na Nick van de Giesen wa Chuo Kikuu cha Delft na John Selker wa Chuo Kikuu cha Oregon State, lina makao Nairobi na limejiwekea lengo la vituo 20,000 Afrika nzima. Kifaa chake ni kimoja, hakina sehemu inayozunguka: upepo hupimwa kwa sauti, mvua kwa kuhesabu matone. Vingi huwekwa shuleni, palipo na ua, mlinzi na mwalimu, na palipo na watoto ambao somo la kipimamvua na bendera ya upepo limo kwenye mtaala wao tangu zamani. Wamarekani wa kituo cha utafiti wa angahewa cha Colorado nao walibuni vituo ambavyo sehemu zake huchapwa kwa mashine ya plastiki, kwa gharama ya dola 300 hadi 500, vikaanzia Zambia na kufika Kenya. Uzuri wake ni kwamba kikombe cha kipimaupepo kikivunjika kinaweza kuchapwa kingine hapa nchini badala ya kusubiri meli.

Bima ya mazao ndiyo iliyoonyesha kwanza kwamba namba ya kituo inaweza kugeuka kuwa fedha mkononi. Kilimo Salama ilianza 2009 Laikipia, jirani wa Meru, kwa ushirikiano wa wakfu wa Syngenta, kampuni ya bima ya UAP na Safaricom. Mkulima alinunua bima pamoja na mbegu dukani. Msimu ukiisha, hakuna aliyekuja kukagua shamba: kituo kilisema mvua ilikuwa ndogo, na malipo yakaingia kwa M-Pesa. Mpango huo ukakua na mwaka 2014 ukawa ACRE Africa. Tatizo lake ni lile la jiografia. Mvua hunyesha upande huu wa bonde na kuuruka upande ule. Kituo kikisema imenyesha, mkulima aliyepoteza kila kitu halipwi, na msimu ujao hanunui tena wala jirani yake. Ndipo ACRE na watafiti wa IFPRI, taasisi ya kimataifa ya sera za chakula, pamoja na KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, wakajaribu bima ya picha katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu, Meru na Tharaka Nithi, ambako mkulima hupiga picha za shamba lake kwa simu msimu mzima. Picha zinaziba pengo la umbali. Haziondoi haja ya kujua imenyesha kiasi gani.

Jaribio lenye maana zaidi kwa watu wa Mbeere lilitoka kwa Muthoni Masinde, mtaalamu wa kompyuta, katika utafiti wake wa uzamivu Chuo Kikuu cha Cape Town. Mfumo wake, ITIKI, uliunganisha mambo matatu ambayo kwa kawaida hayakai meza moja: vihisio vidogo vya hali ya hewa visivyotumia waya, simu za mkononi, na ujuzi wa wazee wa kutabiri ukame. Katika nchi kavu ujuzi wa namna hiyo una mizizi mirefu. Wakulima hutazama migunga inachanua lini, ndege gani wamehama, upepo umegeukia wapi, Kilimia kimeonekana wakati gani. Masinde alizichukua dalili za wakulima wa Mbeere kama vipimo, zikaingizwa kwenye programu pamoja na namba za mvua, na kompyuta ikajifunza kutoka zote mbili. Faida yake haiko kwenye usahihi peke yake. Mzee ambaye dalili zake zimo ndani ya utabiri ana sababu ya kuusikiliza utabiri huo, na ana sababu ya kukilinda kihisio kilichosimikwa karibu na boma lake.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Kituo hudumu pale wenyeji wanapoona namba zake zikiwarudia. Mara nyingi mambo huenda kinyume: namba hutoka kijijini, hufika Nairobi au ng'ambo, huingia kwenye ripoti, na mwenye shamba kilipo kituo hajui jana ilinyesha milimita ngapi. Kwake ile ni nguzo ya watu wengine. Akikuta paneli imeibwa, anahuzunika kiasi, anaendelea na kazi zake. Mambo yangekuwa tofauti kama namba ya asubuhi ingeandikwa kwa chaki kwenye lango la shule, ikasomwa Wimwaro FM kwa Kimbeere na Muuga FM kwa Kimeru, na ikatajwa kwenye baraza la chifu pamoja na maana yake: je, milimita 20 za siku mbili zimetosha kupanda, au ni mvua ya kudanganya ambayo itafuatwa na siku kumi za jua?

Njia za kuzirudisha zipo tayari. Tangu ugatuzi, Idara ina mkurugenzi katika kila kaunti na hutoa utabiri wa wiki wa kaunti. Kabla ya msimu, wakulima, wataalamu na wazee hukaa kikao cha pamoja kuulinganisha utabiri wa Idara na dalili za jadi na kukubaliana la kufanya. Mtindo huo ulianzia Garissa mwaka 2011 na umeenea nchini. Mamlaka ya kukabiliana na ukame, NDMA, hutoa taarifa za kila mwezi kwa kaunti kame 23, na Embu, Meru na Tharaka Nithi zimo kwa sababu ya nyanda zao za chini. Kinachokosekana ni namba za nyanda hizo zenyewe.

Ukosefu huo una gharama iliyokwisha kuonekana. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika sehemu kubwa ya mashariki na kaskazini mwa Kenya. Mwaka uliofuata El Niño ikaleta mafuriko, na Aprili na Mei 2024 mafuriko tena, huku mabwawa ya Tana yakijaa, Masinga na Kiambere yakiwemo, mpakani mwa Embu yenyewe. Kuanzia Masinga hadi Kiambere maji hupita mitambo mitano ya umeme, na sehemu kubwa ya maji hayo huanguka kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Aberdare. Kujua imenyesha kiasi gani juu ya Runyenjes jana usiku ni habari ya mkulima wa Runyenjes. Ni habari pia ya mwenye kufungua lango la bwawa, na ya mfugaji wa Garissa aliye chini ya mto.

Kwa hiyo vituo vingewekwa kwa kufuata mteremko badala ya mipaka ya wadi. Mstari mmoja ungeanzia kwenye chai ya Kianjokoma, ukapita Runyenjes na Siakago, ukaishia karibu na Kiambere. Meru ingekuwa na mstari wake kutoka Kionyo hadi chini kwenye mpaka wa Tharaka, na mwingine kutoka Maua kushuka kuelekea mbuga. Vituo vitatu au vinne kwa kila mstari, vikisomwa bila kukosa kwa miaka thelathini, vina faida kuliko hamsini vinavyonyamaza baada ya mwaka wa pili, kwa kuwa wastani wa hali ya hewa wenyewe huhesabiwa kwa miaka thelathini. Na kila kituo cha kujiendesha kiwe na mtungi wa kawaida kando yake, wenye msomaji wa binadamu, ili nyigu wakiziba faneli ajulikane nani mkweli.

Fedha za kuanzia hazikosekani kabisa. Mpango wa serikali na Benki ya Dunia wa kufadhili hatua za tabianchi mashinani, FLLoCA, umepitisha fedha kwenye kaunti tangu 2021, na kamati za wadi ndizo zinazopendekeza miradi. Ila fedha za maendeleo hupenda kununua kitu kinachoweza kuzinduliwa kwa utepe, na uendeshaji huachiwa bajeti ya kawaida, ambayo kila mwaka ina wagonjwa na walimu wa chekechea wa kuwashughulikia kwanza. Msomaji wa kipimamvua hana fungu lake. Akilipwa posho ya kila mwezi, hata ndogo, akawa na msaidizi wa siku za likizo na za ugonjwa, kadi zilizokoma miaka ya nyuma zingeanza tena. Kamati ya wadi ikikaa kupitisha kituo, kabla ya kuuliza ni cha kampuni gani, itafute kwenye karatasi ya bajeti posho ya msomaji, bando la laini, betri ya pili, na siku ya fundi kila baada ya miezi sita.